Barua kwa mpwa wangu anayeandika historia ya Uwanja wa Taifa

Mpwa wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Orodha ya matukio ya Uwanja wa Taifa uliyonitumia nimeisoma yote, mstari kwa mstari. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu makosa yaliyomo humo yamo kwenye orodha nyingi zinazozunguka mitandaoni, na mtu akishanakili kosa, wa pili analinakili kama ukweli.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo karibu nusu ya orodha yako imepinda. Pale Temeke, Dar es Salaam, kuna viwanja viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na vyote viwili vimewahi kuitwa Uwanja wa Taifa. Wa kwanza ni ule wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, na mashabiki wanauita Shamba la Bibi. Wa pili ni huu mkubwa wa watu 60,000 uliojengwa kwa msaada wa China ukaanza kutumika mwaka 2007. Mpya ulipoanza kazi ulichukua jina la Taifa, wa zamani ukabaki na la Uhuru. Kisha Julai 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki, Rais Magufuli alitangaza kwamba uwanja mpya upewe jina lake. Na tangazo hilo alilitoa kwenye shughuli ya kumuaga Mzee Mkapa iliyofanyika Uwanja wa Uhuru, hatua chache kutoka kwenye uwanja wenyewe.

Kwa hiyo ukikuta "Taifa" kwenye gazeti, tazama mwaka kwanza. Kabla ya 2007 ni Shamba la Bibi. Kuanzia 2007 hadi Julai 2020 ni huu mpya. Baada ya hapo ni kwa Mkapa. Chukua dabi tatu ulizoziweka mahali pamoja: Simba 6-0 Yanga ya Julai 1977, ile Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu, ilichezwa uwanja wa zamani. Simba 5-0 Yanga ya tarehe 6 Mei 2012 ilichezwa uwanja mpya. Yanga 5-1 Simba ya tarehe 5 Novemba 2023 ilichezwa uwanja uleule wa 2012, ila sasa una jina lingine. Wewe umeandika 1977 na 2012 "Taifa" na 2023 "Mkapa", msomaji ataelewa kinyume kabisa. Ongeza safu moja kwenye jedwali lako, andika "wa zamani" au "mpya", na jina lililotumika siku hiyo liandike pembeni.

Tarehe ya kufunguliwa nayo imekusumbua, umeweka alama ya kuuliza. Uwanja mpya ulianza kuchezewa 2007, lakini makabidhiano rasmi yalikuwa Februari 2009, Rais Hu Jintao wa China alipokuja kwa Rais Kikwete. Zote mbili ni sahihi, andika zote na useme kila moja ni ya nini. Na ukiwa kwenye magazeti ya zamani, kumbuka gazeti la Jumatatu linaeleza mechi ya Jumapili. Nimeona kwenye orodha yako mechi mbili zilizosogea siku moja mbele kwa sababu hiyo tu.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikae niandike. Orodha yako ina mechi tupu. Uwanja ule wa zamani haukuanza na mpira, mpwa wangu. Ulianza na bendera.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Desemba 1961 watu walijaa pale. Ilipokaribia saa sita usiku taa zikazimwa. Fikiria uwanja mzima umejaa watu na hakuna taa. Bendera ya Mwingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowashwa tena ikaonekana ya Tanganyika juu ya mlingoti: kijani, nyeusi na mistari ya dhahabu. Prince Philip alikuwepo kumwakilisha Malkia. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na bendera na mwenge. Tukio hilo la uwanjani liandike tarehe 9, kwa sababu bendera ilipanda siku mpya ilipoingia. Shamrashamra zilizotangulia jioni ndizo za tarehe 8.

Tangu hapo, kila mara nchi ilipotaka kujionyesha kwa wingi wa watu wake, ilikwenda pale. Gwaride na halaiki za sikukuu ya Uhuru, miaka 50 ya Uhuru mwaka 2011, miaka 50 ya Muungano tarehe 26 Aprili 2014. Kikwete aliapishwa pale Desemba 2005, Magufuli tarehe 5 Novemba 2015. Alipoapishwa mara ya pili mwaka 2020 shughuli ilihamia Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na hilo nalo liandike, maana tukio linapohama ni sehemu ya historia ya uwanja. Halaiki usiipite kwa neno moja. Yale maumbo ya watoto wa shule unayoyaona kwa dakika chache siku ya sherehe yana wiki za mazoezi nyuma yake. Kila mtoto ana alama yake ya kusimama, na mmoja akikosea hatua mbili herufi nzima inapinda. Watu walioshiriki miaka ya sabini wapo, ni bibi na babu sasa. Watafute mapema.

Na misiba. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili ulifika Dar es Salaam tarehe 18, wananchi wakamuaga uwanjani, na tarehe 21 ikafanyika ibada ya kitaifa mbele ya viongozi wa nchi nyingi, kabla ya maziko ya Butiama tarehe 23. Ukitaka kujua uwanja ule ulikuwa nini kwa Watanzania, ni wiki ile. Ipe ukurasa wake peke yake.

Mpira wa Shamba la Bibi unaujua, sitakuchosha. Nataka tu urekebishe mambo mawili. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na Mehalla ya Misri: ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 kule, ikatolewa kwa penalti. Umeandika "ilifungwa na Mehalla", na mtu wa Dar aliyeshuhudia ushindi wa nyumbani hatakuelewa. La pili ni fainali ya Kombe la CAF, yaani la Shirikisho la Soka Afrika, Novemba 1993. Mchezo wa kwanza Abidjan Simba ilitoka 0-0 na Stella ya Ivory Coast, kwa hiyo Dar ilihitaji ushindi wowote. Ikafungwa 2-0 nyumbani. Kila fainali ya michezo miwili iandike kwa mistari miwili, ueleze ipi ilichezwa wapi. Fanya hivyohivyo kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria: 1-2 kwa Mkapa tarehe 28 Mei 2023, kisha Yanga ikashinda 1-0 Algiers tarehe 3 Juni. Jumla 2-2, kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini.

Kwenye uwanja mpya umeweka Brazil ya tarehe 7 Juni 2010, vizuri, 5-1, na bao letu la Jabir Aziz. Umesahau Uganda 3-0 ya tarehe 24 Machi 2019, iliyotupeleka AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39. Umesahau pia ufunguzi wa African Football League, Simba 2-2 Al Ahly, tarehe 20 Oktoba 2023.

Lakini siku ya USM Alger ilikuwa na jambo lingine ambalo hukuliandika kabisa. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano wa kuingia. Na tarehe 21 Machi 2021, watu walipokwenda Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, polisi walitangaza vifo 45. Arobaini na watano. Wale walikwenda kuaga, wengi wao na familia zao, na orodha yako imeruka kutoka mechi ya Februari hadi mechi ya Aprili kana kwamba Machi haikuwepo. Hilo nakuomba ulirekebishe kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiliandika usiishie kwenye neno "mkanyagano", kwa sababu linamfanya msomaji adhani watu walikimbia wakakanyagana. Mara nyingi watu hufa wamesimama. Wanne kwenye mita moja ya mraba, mtu bado anachagua pa kuweka mguu. Wakifika sita au saba, mwili unasogezwa na wengine, mikono haiinuki, kifua hakipati nafasi ya kupanuka kuvuta pumzi. Aliye nyuma haoni chochote. Anasikia shangwe ndani, anasukuma nusu hatua, na nusu hatua hizo zinajumlishwa hadi kwa mtu aliyebanwa na geti au ukuta. Ndiyo maana kelele za "acheni kusukuma" kutoka mbele hazisaidii, hazifiki nyuma.

Kuna hesabu rahisi ya kujua siku ipi ilikuwa ya hatari. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unasema mlango mmoja wa kuingia mtu mmoja mmoja usihesabiwe zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani mtu mmoja kila sekunde tano na nusu hivi. Kwa watu 60,000 na milango 30 unahitaji saa tatu. Sasa kadi zikikataa kusoma, au karani akikagua tiketi kwa macho, kila mtu akachukua sekunde 10, mlango unapitisha 360 tu kwa saa. Milango ileile 30 inaingiza 10,800 kwa saa. Ukifungua saa 6 mchana kwa mechi ya saa 10 jioni, mpira unaanza watu 43,200 wako ndani, na 16,800 wenye tiketi mkononi wako nje wanasikia filimbi. Wakati wa watu kutoka, mwongozo huohuo unahesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa njia tambarare, 66 kwenye ngazi, na majukwaa yawe yameachwa ndani ya dakika nane. Kwa hiyo kwa kila tukio kubwa tafuta mambo matatu: mageti yalifunguliwa saa ngapi, yalikuwa mangapi, na yalifungwa kabla au baada ya uwanja kujaa. Msiba ni mgumu zaidi ya mechi kwa sababu hauna tiketi, kwa hiyo hakuna anayejua idadi hadi watu wameshafika.

Umeme nao uwe na nafasi yake. Tarehe 30 Aprili 2023 taa zilizimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria robo fainali ya Kombe la Shirikisho, mchezo ukasimama. Andika ulisimama muda gani, maana dakika hizo zinaeleza kwa nini mechi ya saa fulani iliisha usiku sana.

Halafu nyasi. Watu wengi hawaelewi kwa nini Simba, ikiwa imefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ilicheza marudiano ya fainali ya Shirikisho tarehe 25 Mei 2025 Amaan, Zanzibar, na siyo kwa Mkapa penye viti 60,000. Ilikuwa sare ya 1-1, Wamorocco wakachukua kombe. Sababu ni eneo la kuchezea: mvua za masika zilikuwa zimelilowesha na CAF haikuridhika nalo. Maji hayakai juu ya nyasi kwa sababu ya mvua peke yake. Chini ya nyasi za uwanja wa mpira panatakiwa mchanga unaopitisha maji, chini yake kokoto, kisha mabomba. Jukwaa la tamasha likisimamishwa juu yake, magari ya spika yakipita, maelfu wakirukaruka saa nne, mchanga unashindiliwa na vumbi laini linaziba nafasi. Mvua ya kwanza inakaa juu. Mpira unapigwa pasi ya chini, unakwenda mita tatu, unasimama kwenye dimbwi. Ukitaka kupima mwenyewe, omba ruhusa, chukua bisibisi ya sentimita 15 uisukume kwa mkono katikati ya uwanja, kisha mbele ya goli. Ikigoma mbele ya goli na katikati ikazama, umeshajua maji yatakaa wapi. Kwenye jedwali lako, basi, kila tamasha liandikwe limeisha tarehe ngapi na mechi iliyofuata ilikuwa baada ya siku ngapi. Uwanja wa Mkapa ulirudi kazini: tarehe 2 Agosti 2025 Taifa Stars ilifungua CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, palepale kwa 2-0 dhidi ya Burkina Faso.

Anza na Machi 2021. Usichapishe majina ya marehemu bila familia kuridhia; idadi na tarehe zinatosha. Ukimaliza hapo rudi Desemba 1961 utafute aliyekuwepo taa zilipozimwa, umuulize alisimama upande gani na alitoka saa ngapi. Nitumie kurasa hizo mbili kwanza, nizisome, ndipo uendelee na dabi.

Mjomba wako