Barua kwa wazazi: masomo ya mtandaoni na kazi za likizo

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na majukumu. Ripoti ya mtoto imo kwenye bahasha hii na inajieleza. Mimi nataka tuzungumze kuhusu masomo ya mtandaoni.

Mwanzoni mwa muhula tulikosea. Tulirekodi kipindi kizima cha dakika 40, tukakipandisha kama kilivyo, tukaona kazi imekwisha. Siku moja nikakaa kuitazama video ya Sayansi kuhusu mzunguko wa damu. Skrini imejaa maandishi, mwalimu anayasoma neno kwa neno, pembeni katuni ya moyo inarukaruka, na chini yake muziki. Dakika ya kumi haijafika, nami nilishaanza kujibu ujumbe kwenye simu.

Akili haibebi mengi kwa mara moja. Mtafiti Richard Mayer wa Marekani ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba mchoro unaoelezwa kwa sauti hueleweka vizuri kuliko ukirundikiwa juu yake maandishi ya maneno yale yale, na kwamba mapambo yasiyohusu somo humpunguzia mwanafunzi uelewa. Video ile tukaikata vipande vifupi, hakuna kinachozidi dakika 6. Umebaki mchoro mmoja wa moyo: mshale unaifuata damu kutoka upande wa kulia, inakwenda mapafuni, inarudi kushoto, huku mwalimu akieleza. Katuni na muziki tumeviondoa (wapo waliolalamika, watazoea). Mtoto asiyesikia vizuri anabonyeza tu, maandishi yanatokea.

Kila kipande kikiisha, mtoto anaulizwa maswali mawili matatu. Hatumtegi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Hapa sasa nina lalamiko, mnisamehe. Kuna watoto wanaojibiwa nyumbani. Usiku mtoto amepata yote, asubuhi ukimuuliza damu ya mapafuni inaingilia upande gani wa moyo, anaangalia dari. Alama hizo haziingii kwenye ripoti hata moja. Mwalimu anazitumia kupanga kipindi cha kesho: swali lililokosewa na wengi ndilo analoanza nalo. Mkimsahihishia mtoto, mwalimu anaingia darasani akiamini wameelewa. Mwacheni akosee. Akikwama, mwambieni arudie kipande, kisha ajaribu mwenyewe.

Kazi za likizo zimepangwa kwa kuachiana siku: mada inasomwa, inaulizwa tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Tafadhali zisirundikwe zote siku ya mwisho. Zikifanywa hivyo, afadhali mtoto acheze.

Asiye na intaneti nyumbani aje na simu au hata flashi, tumwekee vipande vyote hapa shuleni. Asiye na kifaa kabisa atapewa mchoro na maswali kwenye karatasi, na mwalimu wa darasa atasahihisha shule ikifunguliwa. Darasa la kwanza hawana kazi ya mtandaoni. Hao wanajifunza kushika penseli, na kwa hilo skrini haina msaada.

Karatasi zinatolewa na walimu wa madarasa hadi siku ya kufunga, saa sita mchana.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu