Mdhamini wa ndege

Majengo, Mombasa
Jumapili, baada ya isha

Shoga yangu wa Ngamiani,

Assalaam aleikum. Machungwa ya Muheza uliyompa dereva wa basi yamefika. Mawili tu ndiyo yaliyopondeka, nadhani ni pale mpakani Lungalunga wanapopekua mifuko ya watu kama wanatafuta pete iliyopotea. Watoto wameshamaliza nusu. Shemeji yako anakusalimu. Boti yake imepakwa rangi upya na inasubiri watalii wa Desemba.

Sasa nije kwenye ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja. Nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikikanda unga, mara ya pili nimekaa kitako. Umesema serikali kuokoa kampuni kubwa ni kama mtu kumnunulia tajiri viatu vipya na mwanawe mwenyewe anakwenda shule peku, na kwamba kampuni ikianguka iachwe ianguke. Mara ya kwanza nilikuunga mkono hadi nikaipiga meza kwa kiganja chenye unga. Nilikumbuka 2020, boti ya shemeji yako ilivyokaa mchangani miezi kumi mpaka mbao zikaachana, na hakuna waziri aliyekuja kutuuliza tunakula nini. Siku hizohizo kila ukifungua redio ni Kenya Airways na mabilioni inayoyahitaji.

Mara ya pili nikamkumbuka mwalimu.

Unajua mimi pale Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, nakaa dawati la mikopo. Mwaka juzi alikuja mwalimu mmoja mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu, na bahasha ya kaki imefura hati za mshahara. Amezipanga kwa miezi na kuzibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kila mwezi anakatwa pesa za mkopo ambao hakuuchukua yeye. Aliyeuchukua ni mwalimu mwenzake, akalipa miezi sita, akaenda zake Qatar na namba ya simu akabadilisha. "Binti yangu, mimi sikukopa," akaniambia. Nikaitoa fomu kwenye faili, nikaigeuza imwelekee yeye, nikaweka kidole penye sahihi ya mdhamini. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Siku hiyo alininunulia chai."

Tangu hapo, shoga, nikisikia watu wanabishana serikali iokoe kampuni au isiokoe, naona wote wamechelewa kikaoni. Neno lilishapita siku ya chai.

Chukua hiyo Kenya Airways unayopenda kuicheka. Ilianzishwa 1977, ile Jumuiya yetu ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la ndege la pamoja likafa nayo. Mwaka 1996 serikali ikaiuza kwa hisa: KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakachukua asilimia 26, na wananchi wa kawaida wakapanga foleni kununua hisa kwa shilingi 11.25 moja. Miaka mingi ilikuwa fahari kweli. Baadaye ukaja mpango wa kujitanua walioupa jina Mawingu, ndege mpya kubwa, za mkopo. Ya kwanza ya hizo, aina ya Dreamliner, ilitua 2014, na ilitua wakati mbaya. Watalii walikuwa bado wana hofu ya shambulio la Westgate kule Nairobi. Mwaka uleule Ebola ikatapakaa Afrika Magharibi, safari za Liberia na Sierra Leone zikasimamishwa. Halafu ile mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema, iliyokusudiwa iwe kinga, ikawageukia pale bei ya dunia ilipoporomoka: wenzao wananunua rahisi, wao wamefungwa na bei ya zamani. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Uliofuata, bilioni 26.2.

Hapo ndipo ungesema iache ife, nami ningekaa nikusikilize. Lakini 2017, madeni yalipopangwa upya, serikali ilitia sahihi. Ilidhamini mikopo ya dola milioni 750: milioni 525 za benki ya Exim ya Marekani iliyogharimia zile ndege, zilizobaki za benki za hapa nyumbani. Pesa ambazo serikali yenyewe ilikuwa inadai zikageuzwa hisa, ikajikuta inamiliki asilimia 48.9. Benki za nyumbani nazo madai yao yakageuzwa hisa, asilimia 38.1, baadhi zilikimbilia mahakamani kupinga, na siwezi kuzilaumu. Mtu anakudai ng'ombe, unamwambia sasa wewe ni mshirika wangu wa zizi.

Kisha ikaja Korona. Hasara ya mwaka 2020 peke yake, bilioni 36.2. Sasa niambie wewe mwenye msimamo: iache ife vipi? Ikifa Jumatatu, Jumanne Wamarekani wako mlangoni kwa Hazina ya Taifa na fomu yao mkononi. Na yalitokea hayo hata bila ya shirika kufa. Liliposhindwa kuulipa mkopo wa Exim, Hazina ikaubeba. Kati ya Waziri wa Fedha na yule mwalimu wangu sioni tofauti ila bahasha.

Na hapa ndipo ninapotaka unielewe, maana ulivyosema ni kama kwamba siku moja viongozi waliamka wakaamua kuwapa matajiri pesa. Dhamana haina harufu. Serikali ikitoa bilioni 10 taslimu, kesho yake watu wanauliza mbona hospitali hazina dawa. Ikitia sahihi ya udhamini, siku ile haitoki hata shilingi moja, bajeti inabaki vilevile, na watu wote wanarudi nyumbani wakiwa na furaha. Sheria yetu ya fedha za umma ya 2012 inataka dhamana kama hiyo ipelekwe Bungeni ikubaliwe. Kwa hiyo kisheria sisi sote tulikuwepo pale. Mimi sikuandamana, wewe uko Tanga, na mbunge wangu sijui hata kama alikuwa macho.

Usidhani nasema basi tena, ikishatiwa sahihi tukae tulie. Kuna mdhamini na mdhamini. Tuna mwanachama mmoja, mama muuza samaki wa Kongowea, mdogo wake alitaka mkopo wa pikipiki. Alikuja ofisini na kanga mabegani, hajui kusoma vizuri, akaniambia nimsomee fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Nilipomaliza akamgeukia mdogo wake: "Natia sahihi. Lakini pikipiki iandikwe jina langu mpaka umalize. Na nisikuone na simu mpya." Kijana alinuna wiki nzima. Mkopo aliumaliza miezi minne kabla ya wakati, maana hakuna kinachomkera mwanamume kama kupanda pikipiki ya dada yake.

Wajerumani walifanya kama mama huyu. 2020 walipoitengea Lufthansa euro bilioni 9, serikali ilijichukulia asilimia 20 ya hisa kwa bei ya chini kabisa. Wenye hisa wakaambiwa hakuna gawio. Mabosi wakaambiwa wasahau bonasi. Tume ya Ulaya nayo ikalazimisha baadhi ya nafasi za kuruka na kutua Frankfurt na Munich waachiwe washindani. Basi kampuni ikawa na haraka ya kujitoa kuliko hata mkopeshaji. Pesa zote hizo haikuzitumia. Ilizochukua ilimaliza kuzirudisha Novemba 2021, na Septemba 2022 serikali ikauza hisa za mwisho na kubaki na faida ya euro milioni 760. Msaada ukiwa mchungu kidogo, anayepewa anautema mapema.

Marekani walijifunza kwa njia mbovu. Tarehe 15 Septemba 2008 waliiachia benki ya Lehman ife, kama unavyotaka wewe. Kesho yake, shoga, kesho yake tu, walikuwa wanaiokoa kampuni ya bima ya AIG, kwa sababu walitazama wakaona ni nani mwingine atakayevutwa shimoni. Msaada wa AIG ulifika dola bilioni 182. Halafu Machi 2009 ikajulikana kwamba watu wa kitengo kilekile kilicholeta balaa wanalipwa bonasi za dola milioni 165. Wananchi wakawaka moto. Jibu walilopewa: mikataba ya bonasi ilikuwa imeshatiwa sahihi kabla. Serikali yao mwishowe ilirudishiwa pesa zake na faida juu, wasemavyo wachumi mambo yalikwenda vizuri. Lakini muulize Mmarekani aliyenyang'anywa nyumba mwaka ule kama anakumbuka faida au anakumbuka bonasi.

Ila kinachoniuma mimi zaidi ni sukari. Ndege ni za wasafiri, mimi mwenyewe nimepanda mara moja tu, tena nililala. Kiwanda cha Mumias, magharibi ya Kenya, kilianza kusaga miwa 1973 na kikawa kikubwa kuliko vyote nchini. 2001 kikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Sasa fikiria mkulima wa kule. Muwa unakaa shambani mwaka na nusu, pengine miwili, ndipo uvunwe. Hawezi kuamka kesho akasema nabadili, napanda nyanya. Ukishavunwa usiposagwa upesi unakauka na utamu unakwisha, kwa hiyo hawezi hata kuufungia ghalani asubiri bei. Kwa hesabu za dawatini kwangu, mtu huyo ameshakikopesha kiwanda miezi kumi na minane ya ardhi yake na jasho lake, na hana hata karatasi ya dhamana.

2015 serikali ikatoa shilingi bilioni moja kukinyanyua kiwanda, kisha zikafuata nyingine. Ziliingia kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Kulikuwa na mikopo ya benki, mitambo chakavu, madeni ya kila aina, na wakulima wanasubiri malipo ya miwa iliyokwisha kuliwa kwenye chai ya watu. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa inadai na yenye hati zake mkononi, ikaweka meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kukishika kiwanda kwa niaba ya mdai. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda. Benki siilaumu, ilisoma fomu yake kama mama wa Kongowea. Ninachouliza ni kwa nini zile bilioni za umma zilipitia kwenye mdomo wa kiwanda kwanza. Kama lengo lilikuwa kuwaokoa wakulima, simu za mkononi wanazo, vitambulisho wanavyo, uzito wa miwa yao umeandikwa kwenye risiti za mizani. Wangelipwa wao moja kwa moja, halafu kiwanda kikazungumza na wadai wake kwa sauti ya chini kama maskini wenzake.

Basi huo ndio msimamo wangu kama uliutaka: kuokoa sikatai, nakataa kuokoa kwa kupitia juu. Mwenye hisa awe wa kwanza kupoteza, bosi aliyetia sahihi ya Mawingu aondoke na mkoba wake mtupu, na anayedai jasho alipwe kabla ya anayedai riba. Na kabla ya hayo yote, wasitie sahihi wakinywa chai.

Na wewe usinicheke sana. ATCL yenu, shirika la ndege la Tanzania, haijambo? Ndege zinanunuliwa na serikali, shirika limekuwa likizikodi kwa Wakala wa Ndege za Serikali, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akifungua ripoti yake hasara ipo. Mtu anamnunulia mwanawe gari, kisha anamtoza kodi ya gari hilo kutoka kwenye pesa za matumizi anazompa mwenyewe. Sisi angalau tunadaiwa na wageni.

Kwa mwaka 2024 KQ, ndiyo hiyo Kenya Airways, walitangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Januari 2025 hisa zake zikarudi sokoni, baada ya kusimamishwa tangu Julai 2020 walipokuwa wakizungumzia kulitaifisha shirika. Watu walipiga vigelegele. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, takriban bilioni 12, Dreamliner zimekaa chini zinasubiri injini na vipuri. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa kazini. Mwalimu wangu alikuwa kwenye foleni siku ile, kaja kuulizia salio. Amebakiwa na makato ya miezi mitatu.

Jambo la mwisho, halafu nikalale. Mdogo wangu wa mwisho anataka mkopo wa tuktuk na ameniomba niwe mdhamini wake. Fomu iko hapa mezani chini ya taa, nimeshaisoma mpaka maandishi madogo. Aliileta jana na kilo nzima ya halua. Niambie unaonaje, na ujibu upesi, kwa sababu halua shemeji yako ameshaifungua.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi, shoga yako wa Majengo