Kitini chako, na ukurasa wa 23 wa kitini changu

Rafiki yangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kwanza niisome rasimu ya kozi yako ya utunzaji wa hesabu hadi mwisho, majedwali pamoja. Somo unalimudu, hilo halina ubishi. Ila sura tatu za mwanzo zinasomeka kama mhadhara ulionakiliwa ukumbini, ilhali msomaji wako atakuwa peke yake usiku, amechoka na shughuli za duka, wala hana mwalimu wa kumnyoshea mkono aulize. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, ameeleza kuwa umbali unaomwelemea mwanafunzi wa masafa, yaani anayesoma mbali na mwalimu, haupimwi kwa kilomita. Hutokana na uhaba wa mazungumzo kati yake na mwalimu, na mazungumzo hayo huna budi kuyaandika ndani ya kitini chenyewe, kwa swali, kwa mfano, na kwa masahihisho yanayomfikia kabla hajasahau alichouliza.

Sidhani kama nimewahi kukusimulia habari za muuguzi mmoja aliyeacha kuleta mazoezi ya moduli yangu ya takwimu, nikaamua kumtembelea. Kitini chake kilikuwa kimechakaa hadi ukurasa wa 23. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa safi kama zilivyotoka mtamboni. Katika ukurasa huo palikuwa na kanuni ya mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi takwimu zinavyotawanyika kutoka wastani wake, bila mfano hata mmoja, na pembeni ameandika kwa penseli, “Hii imetoka wapi?” Kanuni hiyo niliiweka mimi. Nilipolitazama dodoso lake la tathmini nikakuta ametia tiki “nimeridhika sana” kila mstari, kwa adabu tu.

Tangu hapo madodoso nayaheshimu kwa kiasi. Hata Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo aliyeanza kuchapisha hatua zake nne za tathmini mwaka 1959, aliweka maoni ya mwanafunzi katika hatua ya kwanza tu, kabla ya kupima alichojifunza, anavyotenda kazini, na matokeo yake. Kwako wewe hatua ya tatu si ngumu: miezi michache baada ya kozi, omba uone daftari la fedha la mwanafunzi, utazame kama urari, yaani jumla za pande mbili za hesabu, unakubali.

Kabla hujachapa, mpe mwenye duka mmoja sura ya pili, uketi kando bila kusema neno, na uandike kila mahali anaposita au kurudi nyuma. Video zibaki nyongeza, maana bando ni fedha. Kisha nitumie nakala aliyoisoma, bila kufuta alama zake.

Wako daima.