Mwenge ukija, chumba kishikwe kwa risiti

Ndugu Mhariri,

Mwenge wa Uhuru unapokesha wilayani, gesti hujaa mapema. Mgeni aulize kwanza ofisi ya kata mkesha utakuwa uwanja gani, kisha achukue chumba mtaa wa pili kutoka barabarani. Gesti iliyo kando ya njia, gari haitoki mpaka msafara upite.

Kupiga simu tu hakutoshi. Lipa nusu, dai risiti yenye tarehe na namba ya chumba. Risiti iliyoandikwa "chumba kimoja" ndiyo huleta ugomvi saa nne usiku, ufunguo ukiwa umeshachukuliwa na mwingine.

Wenzetu wenye gesti, tunawasihi: msiuze chumba kimoja mara mbili! Na matangi yajazwe maji siku moja kabla.

Wahudumu wa gesti,
Kondoa, Dodoma