Nina miaka 63, mimba naitoa wapi?

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma tangu marehemu mume wangu yu hai, na sijawahi kuwaandikia. Ila ile taarifa yenu ya wanawake wa Marekani imenitonesha. Kwamba tangu Mahakama ya Juu ya kwao ifute haki ya kutoa mimba Juni 2022, wapo wagonjwa wa baridi yabisi walionyimwa dawa yao ya methotreksati kwa kuwa inaweza kuharibu mimba. Na jimbo la Louisiana, tangu Oktoba 2024, limeiweka misoprosto, dawa nayo inayoweza kutoa mimba, kundi moja na dawa za usingizi zinazodhibitiwa. Mmeandika kana kwamba ni vituko vya huko. Njooni Kariakoo.

Mimi nina baridi yabisi ya magoti na vidole. Kufungua kopo mpaka nimwite mjukuu. Dawa za maumivu zimenichimba vidonda vya tumbo, daktari akaniandikia misoprosto, ambayo kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa hiyohiyo ya kulinda tumbo. Mwezi uliopita nikapanda daladala toka Tandika. Duka la kwanza, kijana akasoma cheti, akanitazama, akasoma tena. Kisha kwa sauti, na foleni imejaa nyuma yangu: "Mama, miso hatuuzi. Hiyo ya kutolea mimba." Nikamwambia, mwanangu, nina miaka 63, mimba naitoa wapi? Watu wakaangua kicheko. Yeye wala. Akaniuliza ni ya binti yangu au ya mjukuu! Mjukuu wangu mkubwa yuko darasa la sita, Mhariri. Duka la pili wakasema imekwisha. La tatu nalo wakakataa, nikatoka nachechemea, mmoja wao akanifuata hadi kwenye ngazi, akaninong'oneza bei mara nne, tena "cheti weka tu kwenye pochi, mama." Kumbe cheti ndicho kilichoniponza.

Wanasingizia sheria. Kifungu cha 152 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga miaka 3 anayempa mtu kitu akijua kitatumika kutoa mimba kinyume cha sheria. Akijua! Kwa bibi mwenye mkongojo alijua nini? Na dawa hiyohiyo ndiyo inayozuia mzazi asivuje damu akishajifungua, wala haidai friji. Naye ataambiwa imekwisha?

Halafu lile duka la kwanza, mbele ya macho yangu, lilimuuzia kijana vidonge vinne vya antibiotiki, amoksilini, bila cheti, bila swali, zikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Sijui kama ni lenu.

Pendekezo langu: wanaosimamia maduka ya dawa waagize kila duka liwe na kiti, kwa ajili ya magoti yetu, na kibao ukutani: "Mwenye wajukuu zaidi ya watatu haulizwi habari za mimba." Mimi ninao sita. Vyeti vyao vya kuzaliwa nitakuja navyo.

Bibi wa Tandika,
Dar es Salaam