Barua ya malalamiko kwa kampuni ya bredauni: lori langu kuvutwa bila kufunguliwa propela

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kuvuta Magari Makubwa,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUVUTWA KWA LORI LANGU AINA YA SCANIA KUTOKA KIBAMBA HADI TABATA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimejizuia kuandika kwa siku tisa. Katika siku hizo nimepiga simu ofisini kwenu mara nyingi, na kila mara dada wa mapokezi amenijibu kwa adabu kwamba meneja yuko saiti. Sina ugomvi naye. Ila nimefikia kuamini kwamba saiti hiyo haina mtandao wala barabara ya kurudia, na ndiyo maana naleta barua.

Masharti ya kazi yenu mnayajua, kwa kuwa ndiyo mliyonitumia kwenye WhatsApp jioni ile lori langu lilipoharibika Kibamba, kabla sijatoa hata shilingi moja. Naomba tu mkumbuke kwamba sikuwachagua kwa kubahatisha. Pale Kibamba palikuwa na jamaa mwenye winchi aliyetaka 800,000, nikamkataa kwa sababu alishindwa kuniambia gari lake linanyanyua tani ngapi. Ninyi mlitaka 1,400,000 kwa kichwa (sehemu ya mbele yenye injini) na tela, nami nikakubali kwa kuwa kila nililouliza mlinijibu bila kusita. Niliuliza kama mna gari la kunyanyua kichwa cha Scania na kuvuta tela lenye kontena la futi 40, mkasema lipo, la tani 50, na picha mkanitumia. Niliuliza kama lina mpira wa kupeleka upepo kwenye breki za gari linalovutwa, mkasema upo. Niliuliza kama bei inaweza kupanda njiani, mkaandika, nanukuu, "bei yetu haibadiliki mama, sisi ni kampuni." Nikatuma 700,000 za kutangulizia.

Kilichokuja ni Fuso, lori la ukubwa wa kati. Kilikuja saa tano na nusu usiku, wakati mlisema saa moja na nusu ingetosha na tulikuwa tumeongea tangu saa kumi na mbili jioni. Dereva wangu alipouliza gari la kwenye picha liko wapi, alijibiwa kwamba liko Chalinze. Walipojaribu kunyanyua kichwa, magurudumu ya mbele ya Fuso ndiyo yaliyopaa. Dawa waliyoipata ni kumwambia utingo akapande kwenye bampa la mbele la Fuso, akae pale awe uzito wa kusawazisha. Nina picha yake, ameshika kioo cha pembeni kwa mkono mmoja, miguu inaning'inia. Kijana wa watu, usiku wa manane, kwenye barabara ya njia nane ambayo mabasi ya mikoani hayapunguzi mwendo. Msingenitumia mimi picha ya gari la tani 50, asingekaa pale.

Wakaamua kukata tela na kuliacha kando ya barabara likiwa na mzigo wa mteja wangu ndani, kwa ahadi kwamba gari la pili lingelifuata alfajiri. Gari la pili sijaliona mpaka leo. Tela lililala Kibamba siku mbili, mimi nikimlipa mlinzi, hadi Jumamosi jioni nilipoikodi kampuni nyingine ije kulivuta kwa 1,100,000.

Sasa nafika Kimara Temboni, ambako ndiko chanzo cha barua hii. Saa nane na robo usiku watu wenu walisimama ghafla, kichwa changu kikiwa kinaning'inia kwenye ndoano, wakamwambia dereva wangu kwamba mzigo umezidi uzito na kwamba ziongezwe 900,000 taslimu au kwa simu, papo hapo. Dereva aliposema hana mamlaka hayo, waliteremsha kichwa katikati ya njia ya kushoto, bila kuweka pembetatu ya tahadhari hata moja, wakakunja mnyororo wakijiandaa kuondoka. Nililipa. Fedha hizo mlizipokea kwa namba ya simu ya mtu binafsi, si ya kampuni, na risiti sikupewa.

Naomba mtafakari neno hilo, "mzigo umezidi uzito." Mzigo upi? Mzigo ulibaki Kibamba ndani ya kontena. Pale Temboni walikuwa wamebeba kichwa kitupu. Mnanitoza uzito ambao mmeutelekeza kilomita kadhaa nyuma.

Nimeruka jambo la Kibamba ambalo limenigharimu kuliko yote. Lori langu lilikuwa limekufa pampu ya maji tu, kazi ya asubuhi moja gereji. Kabla hawajavuta, dereva wangu, ambaye yuko barabarani mwaka wa 22 sasa, aliwaambia wafungue propela kwanza, yaani ule mtaimbo unaounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma. Yeyote anayefanya kazi yenu anajua sababu: injini ikiwa imezimwa, pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi haizunguki, lakini magurudumu ya nyuma yakiburuzwa chini yanaizungusha shafti ya giaboksi kupitia propela, na giaboksi inasaga kavu. Ni bolti chache, ni kazi ya nusu saa. Kijana wenu alimjibu, "Mzee, wewe kazi yako kuendesha, sisi kazi yetu kuvuta." Wakavuta. Mpira wa upepo nao haukuwepo, na breki za lori lisilo na upepo hujifunga zenyewe. Walianza kuliburuza hivyo hivyo mpaka moshi wa tairi ukaonekana, ndipo dereva wangu alipolala chini ya gari na spana yake mwenyewe akalegeza bolti za springi za breki, moja baada ya nyingine, huku watu wenu wakimwangalia. Tairi mbili za nyuma zimelika upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana.

Ijumaa mchana fundi alifungua tundu la oili la giaboksi nami nikiwepo. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na alipoichuja kwa kitambaa zikabaki chenga za chuma kama mchanga wa pwani. Hakusema kitu. Alinionyesha kitambaa, akaenda kunawa.

Narudi Temboni, maana naona nimepaeleza kana kwamba ni suala la fedha. Nilikuwa kwenye simu. Niliamshwa na simu ya dereva wangu, akisema, "Mama, wanashusha gari." Nikasikia mnyororo ukiachiwa na bampa likigonga lami. Nikamwomba ampe simu kiongozi wao. Kijana akakataa kuipokea, lakini alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia kila neno. Alimwambia mtu mwenye umri wa baba yake, "Basi kaa na skrepa lako, mzee, ukigongwa usiseme hukuambiwa." Kisha nikasikia lori likipita kwa kasi, honi ndefu, na dereva wangu akakaa kimya kwa muda ambao sitausahau. Aliporudi hewani alikuwa anahema. Alikuwa amesimama nyuma ya gari akipunga tochi ya simu yake ile ile aliyokuwa akiongea nami, kwa sababu pembetatu zetu zilibaki Kibamba zikililinda tela. Aliniambia, "Mama, walipe tu." Katika miaka yote aliyonifanyia kazi, hajawahi kuniomba nimlipe mtu asiyestahili. Nikatuma 900,000 nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, na ndipo ndoano ikarudishwa. Walipofika Tabata saa kumi alfajiri walidai na 700,000 zilizobaki za kazi ya kichwa na tela, ilhali tela halikuwepo. Nazo nikalipa, kwa kuwa walikataa kushusha gari getini.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu, yaani mnirudishie zile 900,000 na mniombe radhi kwa maandishi. Nimesoma upya niliyoyaandika na naona nilikuwa mpole kupita kiasi. Nadai mrudishe 2,300,000 zote, kwa sababu kazi tuliyokubaliana haikufanyika. Nadai 7,800,000 za giaboksi, 1,500,000 za tairi mbili na 1,100,000 nilizolipa kuokoa tela, jumla 12,700,000. Nakala za makadirio ya fundi, picha na jumbe zenu zote zimeambatanishwa. Hapo sijahesabu siku ambazo gari limelala, wala mteja wangu wa Dodoma ambaye sina hakika kama atanipa mzigo mwingine. Hizo nazihesabu kuanzia leo, na kila siku mtakayokaa kimya itaongezeka kwenye dai.

Nawapa siku saba. Siku ya nane nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na picha ya gari la tani 50 lililogeuka Fuso sijui mtaiita nini. Mamlaka ya Mapato nayo itapenda kujua kwa nini kampuni inayotangaza bei "pamoja na VAT" inapokea fedha kwa simu ya mfanyakazi na haitoi risiti ya kielektroniki. Kisha nitafungua shauri mahakamani chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotaka ridhaa ya hiari. Nami sidhani kuna hakimu atakayeona hiari kwenye gari lililoshushwa katikati ya barabara saa nane usiku. Wenye malori wenzangu wa Tabata na Barabara ya Mandela tayari wameanza kuniuliza kulitokea nini, na mpaka sasa nimewajibu kwamba nasubiri kauli yenu.

Kuhusu radhi, nimebadili pia. Siitaki tena kwa maandishi. Barua hii inaletwa ofisini kwenu na dereva yule yule. Naomba apewe kiti, agongewe muhuri kwenye nakala yake, na yule kijana wa Temboni aitwe aje amwombe radhi yeye, ana kwa ana, kabla hajaondoka hapo. Ikishindikana, nitajua atakaporudi.

Wenu,

Mmiliki wa lori,
Tabata, Dar es Salaam.