Mwanangu, hiyo moja unayochukua si kumi

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia juu ya kujumlisha na kutoa sehemu. Ukitamka "robo tatu" au "theluthi mbili", Kiswahili chenyewe kimeshakufundisha sehemu ni nini. Neno la kwanza ni jina la kipande, ndiyo asili, namba iliyo chini ya mstari. La pili ni idadi ya vipande, ndicho kiasi, namba ya juu. Robo na theluthi hazijumlishiki mpaka uzipe jina moja, maana vipande vyake havilingani ukubwa.

Chukua 2 5/6 + 1 3/8. Mwenye haraka atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 8/14. Itazame vizuri hiyo 8/14: imezidi nusu kidogo tu, ilhali 5/6 peke yake inakaribia moja nzima. Ameongeza, halafu amepata pungufu.

Jina la pamoja hupatikana kwa kigawe kidogo cha shirika, KDS, yaani namba ndogo kuliko zote ambayo asili zote mbili huigawa bila baki. Huna haja ya kuandika orodha mbili za vigawe. Shika asili kubwa upande nayo: 8, 16, 24, na kila hatua jiulize kama 6 inaigawa bila baki. Ikifika 24, simama. Ukizidisha 6 kwa 8 utapata 48, na jibu litatoka sahihi, ila utabaki na 10/48 ya kurahisisha, na namba zikiwa kubwa makosa huongezeka. Njia hiyo iweke kwa asili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kama 4 na 9. Kwa 3 na 12 hakuna cha kutafuta, 12 ndiyo KDS.

Sasa, 6 inaingia kwenye 24 mara 4, kwa hiyo juu na chini zidisha kwa 4: 20/24. 8 inaingia mara 3: 9/24. Namba nzima zinaleta 3, sehemu zinaleta 29/24. Usiache 3 29/24 ikae hivyo. Ndani ya 29/24 mna 24/24, yaani moja nzima. Ihamishie kwa namba nzima, na jibu ni 4 5/24.

Kutoa ndiko kunakohitaji utulivu. Andika 5 1/4 − 2 2/3. KDS ni 12, kwa hiyo una 5 3/12 − 2 8/12. Tatu haitoshi kutoa nane. Hapa kuna mitego miwili, na yote miwili inatokana na mazoea ya namba nzima. Wa kwanza ni kugeuza, ukafanya 8 toa 3 kwa kuwa ni rahisi, ukaandika 3 5/12. Wa pili ni kuchukua moja kutoka kwenye 5 na kuifanya kumi, ukapata 13/12, kisha 2 5/12. Kumi ni ya makumi na mamoja. Hapa moja nzima imekatwa vipande 12, basi unapoichukua inakuja na vipande 12: 12/12 na 3/12 ni 15/12. Ile 5 imebaki 4. Andika upya kabisa, 4 15/12 − 2 8/12, ndipo utoe: 2 7/12. Ile 5 ikate kwa mstari unaoonekana, kwa sababu kuisahau ni kosa la tatu.

Mtindo huohuo unatumika kwa 6 − 2 3/7, ambapo wengi huishusha tu ile 3/7 na kuandika 4 3/7. Fanya 6 iwe 5 7/7, upate 3 4/7.

Kwa 5 1/4 − 2 2/3 unaweza pia kubadili kila kitu kuwa sehemu guni, zile ambazo kiasi kinazidi asili: 21/4 na 8/3, yaani 63/12 − 32/12 = 31/12, ambayo ni 2 7/12. Kwa namba ndogo naipenda, kwani hakuna kuchukua. Ukipewa 47 1/4 − 19 2/3 utajikuta na 567/12 − 236/12, na hapo naona ni kujitesa bure.

Ipo njia ninayoipenda zaidi. Kwenye 5 1/4 − 2 2/3, ongeza 1/3 pande zote mbili. Ya nyuma inakuwa 3 kamili, ya mbele 5 7/12, na tofauti haibadiliki: 2 7/12.

Kila jibu la kutoa lihakiki kwa kujumlisha. Ile 3 5/12 ya aliyegeuza hata haihitaji KDS: 2 2/3 na 3 peke yake ni 5 2/3, imeshapita 5 1/4.

Jaribu 7 1/6 − 3 5/9. Ukipata 4 7/18, umegeuza. Ukipata 3 1/6, umechukua kumi. Ukipata 4 11/18, umesahau kupunguza ile 7. Jibu ni 3 11/18.

Mama yako